Usinunue Kompyuta kwa Jina la i7: Namna ya Kulinganisha Prosesa Mbili

Ukiingia duka la kompyuta za mtumba, Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, mara nyingi neno la kwanza utakalosikia ni "hii ni i7". Hutamkwa kama cheo, na wanunuzi wengi huishia hapo hapo. Wanalipa, wanabeba, wanafika nyumbani, kisha wanashangaa mashine inavyojikokota. Hela ya kompyuta haipatikani kirahisi, kwa hiyo inafaa kujua unalipia nini.

Tuchukue mfano wa prosesa mbili za Intel: Core i7-2600, iliyotoka Januari 2011, na Core i3-8100, iliyotoka Oktoba 2017.

Soma jina lote

i3, i5 na i7 ni madaraja ndani ya kizazi kimoja. Umri wa prosesa unasomeka baada ya kistari: 2600 ni kizazi cha 2, 8100 ni kizazi cha 8. Zikiwa tarakimu tano, kama 10100, kizazi ni zile mbili za mwanzo, yaani cha 10. Tazama pia herufi ya mwisho. T ni prosesa iliyopunguzwa nguvu ili itumie umeme kidogo, na F haina sehemu ya picha ndani yake, hivyo ni lazima uwe na kadi ya picha.

Karatasi inasema nini

Kwenye karatasi i7-2600 inaonekana kushinda. Ina viini 4 na nyuzi 8, maana yake kila kiini hushika kazi mbili kwa pamoja zikigawana nafasi. Mwendo wake unaanzia gigahezi 3.4 na kupanda hadi 3.8, na ina megabaiti 8 za kumbukumbu ya ndani ya prosesa (cache). i3-8100 ina viini 4 na nyuzi 4, gigahezi 3.6 zisizopanda, na megabaiti 6.

Lakini gigahezi huhesabu mapigo tu, hazihesabu kazi inayofanyika katika kila pigo. Mpagazi mwenye gunia kubwa atamaliza mzigo kabla ya mwenye gunia dogo, hata kama huyo wa pili anatembea haraka kidogo. Kiini cha 2017 hubeba gunia kubwa zaidi. Ndiyo maana katika kazi zinazotegemea kiini kimoja, kama kufungua programu, kupitia kurasa za intaneti na hesabu nyingi za Excel, i3-8100 iko mbele. Katika kazi zinazogawanyika, kama kubana mafaili au kutengeneza video, nyuzi 8 huiokoa i7-2600. Hapo zinakaribiana, na katika baadhi ya vipimo ile ya zamani huongoza.

Yanayokuja pamoja na prosesa

i7-2600 hutumia RAM ya DDR3, i3-8100 hutumia DDR4 yenye kasi zaidi. Sehemu ya picha ya i3-8100 ina uwezo wa kufungua yenyewe video za VP9, aina inayotumiwa sana na YouTube. i7-2600 haina uwezo huo, kwa hiyo viini vyake ndivyo hubeba mzigo wote, na feni huanza kuvuma.

Kubwa zaidi ni usalama. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, yakiwemo masasisho ya usalama, tarehe 14 Oktoba 2025. i3-8100 imo katika orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11. i7-2600 haimo.

Kuhusu umeme, i7-2600 imeandikwa wati 95, i3-8100 wati 65. Namba hizo zinahusu joto ambalo kipoozaji lazima kilimudu, si bili yenyewe, ila zinatoa picha. Tofauti ya wati 30 kwa saa 8 kila siku, siku 26 za mwezi, ni uniti 6.24. Kwa matumizi ya kawaida itakuwa chini ya hapo, kwa sababu prosesa haifanyi kazi kwa nguvu zote kutwa nzima.

Pima mwenyewe dukani

1. Hakikisha mashine zote mbili zina SSD na kiasi sawa cha RAM. i3 yenye diski ya kuzunguka itaonekana nzito mbele ya i7 yenye SSD, na kosa halitakuwa la prosesa.
2. Beba 7-Zip kwenye flashi. Ni programu ya bure, ndogo, haihitaji intaneti. Weka toleo lile lile kwenye kila mashine.
3. Fungua Tools, kisha Benchmark. Pima kwanza kwa uzi mmoja, halafu kwa nyuzi zote. Rudia mara tatu, uchukue jibu la katikati.
4. Acha kipimo kiendelee dakika kumi. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufungue Performance, utazame mwendo. Ukishuka chini ya 3.4 kwa i7-2600, au 3.6 kwa i3-8100, huenda kipoozaji kimejaa vumbi au pasta yake imekauka. Mwambie fundi ashughulikie kabla hujalipa.
5. Malizia kwa kazi yako halisi: fungua faili lako kubwa zaidi, hesabu sekunde.

Uamuzi

Kwa ofisi, shule na nyumbani, chagua i3-8100. i7-2600 inafaa kama bei yake ni ya chini sana, ina SSD, na uko tayari kutumia Linux. Muuzaji akikuambia "hii ni i7", muulize: i7 ya ngapi? Usitoe pesa kabla hujaisoma namba hiyo kwa macho yako kwenye skrini.