Kadi ya Kazi: Hitilafu ya Mashine Iandikwe, Itengenezwe, Ifungwe

Ukitoka Voi kwa barabara ya kuelekea Taveta, hukawii kuona safu za mkonge zilizopandwa kwa mistari iliyonyooka. Shamba la Mwatate, Teita Sisal Estate, linatajwa miongoni mwa mashamba makubwa zaidi ya mkonge barani Afrika, na zao hili limewapa wakazi wengi wa Taita Taveta ajira ya shambani na kiwandani kwa miaka mingi.

Jani la mkonge halingoji. Likishakatwa linaanza kukauka, na likikauka singa zake huwa ngumu kutoa. Ndiyo maana majani husafirishwa hadi kiwandani bila kuchelewa, yakapitishwa kwenye mashine ya kukwangua, singa zikaoshwa kwa maji mengi, zikaanikwa juani, zikapigwa brashi, zikapangwa kwa madaraja na kushindiliwa kuwa robota. Kilo 100 za majani hutoa takriban kilo 4 tu za singa. Mashine ya kukwangua ikisimama, kila kitu nyuma yake husimama pia: matrekta, wakataji, waanikaji na hata malipo ya siku.

Makala haya yanaeleza chombo kimoja rahisi kinachozuia hasara hiyo, na zaidi ya hasara, kinachookoa mikono na maisha ya watu. Chombo hicho ni kadi ya kazi ya matengenezo, ambayo mafundi wengi huiita jobu kadi. Mifano imetolewa kwenye mkonge, lakini somo linamfaa pia mwenye kinu cha kusagia mahindi, karakana ya kuchomelea vyuma, mashine ya kukata vito au kamati inayosimamia pampu ya kisima.

Kadi ya kazi ni nini?

Ni karatasi moja inayofuata hitilafu moja tangu ilipoonekana hadi ilipomalizwa. Si ripoti ya kumlaumu mtu, wala si risiti ya spea. Inajibu maswali sita:

1. Mashine gani, na sehemu gani ya mashine hiyo?
2. Nini kimeonekana, lini, na nani amekiona?
3. Kazi ina uzito gani: ya dharura, ya haraka au ya kawaida?
4. Fundi gani amepewa, na anahitaji spea na vifaa gani?
5. Mashine imezimwa na kufungwa vipi ili fundi awe salama?
6. Nini kimefanywa, kimechukua muda gani, na nani ameijaribu na kuipokea?

Bila karatasi hiyo, hitilafu hubaki maneno. Mwendeshaji humwambia msimamizi, naye akamwambia fundi wakati fundi yuko juu ya ngazi akishughulikia kazi nyingine. Jioni kila mmoja anarudi nyumbani akiamini amefanya wajibu wake. Asubuhi mashine inawashwa na zamu ambayo haikusikia lolote. Hitilafu iliyosemwa tu haina mwenyewe, lakini iliyoandikwa na kupewa jina la fundi inaye wa kuulizwa.

Safari ya kadi moja

Tuchukue mfano. Saa nne asubuhi, mwendeshaji wa mashine ya kukwangua anasikia mlio wa kusaga upande wa mota. Anaweza kuandika "mashine mbovu". Maneno hayo hayamsaidii fundi, maana atalazimika kuanza kutafuta upya. Afadhali aandike hivi: "Beringi ya shafti kuu, upande wa mota. Inasaga na imepata joto kuliko ya upande wa pili. Imeanza leo saa nne asubuhi." Hapo fundi anajua abebe nini kabla hajaondoka karakanani.

Msimamizi anaipokea kadi, anaipa nambari, kisha anapima uzito wake. Kazi ya dharura ni ile inayohatarisha mtu, au ambayo inaweza kuleta uharibifu mkubwa sasa hivi. Mashine inazimwa mara moja. Kazi ya haraka inaweza kungoja saa chache, kwa mfano mwisho wa zamu, mradi mashine iangaliwe. Kazi ya kawaida inapangiwa siku yake. Kila kazi ikiitwa ya dharura, mafundi watakimbilia anayepiga kelele zaidi, na kilicho hatari kweli kinaweza kusahauliwa.

Kisha kadi inakwenda stoo. Karani anaangalia kama beringi ya nambari hiyo ipo. Kama haipo, inaagizwa kabla mashine haijafunguliwa. Hili lina maana kubwa hapa kwetu. Spea isiyopatikana Voi hulazimika kutoka Mombasa, takribani kilomita 150, au Nairobi, zaidi ya kilomita 300. Kufungua mashine kisha kuanza kutafuta spea ni kuongeza siku ya kusimama bila sababu.

Spea ikiwa mkononi, mashine inazimwa na kufungwa, kazi inafanywa, mashine inajaribiwa mbele ya mwendeshaji, na wote wawili wanatia sahihi. Fundi anaandika chanzo alichokikuta. Kama beringi ilikufa kwa sababu maji ya mkonge yaliingia kupitia kizibo kilichopasuka, aandike hivyo. Maji hayo yana asidi na hula chuma. Akibadilisha beringi akaacha kizibo, atarudi hapo hapo baada ya muda mfupi.

Kufuli kwanza, spana baadaye

Sehemu ya kadi ambayo haifai kurukwa hata siku moja ni ile ya kufunga mashine. Mashine ya kukwangua mkonge ina ngoma zenye visu butu zinazozunguka kwa kasi. Mtu akiiwasha wakati mwenzake ameingiza mkono, hakuna nafasi ya kusema samahani.

Utaratibu wenyewe ni huu:

Kwanza, waambiwe wote wanaoitumia mashine kwamba inazimwa.
Pili, izimwe na umeme ukatwe kwenye swichi kuu, si kwenye kitufe cha mashine peke yake.
Tatu, kila fundi atie kufuli lake kwenye swichi hiyo na kibao chenye jina lake, na ufunguo akae nao mfukoni. Mafundi wakiwa watatu, makufuli yawe matatu.
Nne, nguvu iliyobaki itolewe: sehemu zinazozunguka zisimame kabisa, presha ya hewa au mvuke itolewe, na kilichoinuliwa kiegemezwe.
Tano, kitufe cha kuwashia kibonyezwe ili kuhakikisha kweli haiwaki. Ndipo spana ishikwe.

Kufuli linaondolewa na aliyelitia tu, baada ya vikinga vyote kurudishwa mahali pake. Nambari ya kadi iandikwe kwenye kibao, ili anayekikuta ajue ni kazi gani inayoendelea.

Karatasi iliyokosekana usiku mmoja

Ubaya wa karatasi kutofika kwa anayeihitaji ulionekana mbali na hapa, kwenye jukwaa la mafuta na gesi la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, pwani ya Scotland, tarehe 6 Julai 1988.

Kulikuwa na pampu mbili, A na B. Mchana wa siku hiyo vali ya usalama ya pampu A iliondolewa ili ihudumiwe, na tundu la bomba likazibwa kwa kifuniko cha muda. Kazi haikuisha kabla ya zamu kubadilishana. Karatasi iliyoonyesha kwamba vali haipo haikuwafikia wale wa usiku. Walijua tu kuhusu karatasi nyingine, ya ukarabati wa pampu hiyo hiyo, ambao ulikuwa haujaanza.

Karibu saa nne kasorobo usiku pampu B ilizima ikakataa kuwaka. Wafanyakazi wa zamu waliona pampu A inaweza kutumika, wakaiwasha. Gesi ikavuja pale palipokuwa na kifuniko, ukafuata mlipuko, kisha moto mkubwa. Watu 167 walifariki. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Cullen ulitoa mapendekezo 106 mwaka 1990, na utaratibu wa vibali vya kazi pamoja na makabidhiano ya zamu ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyosisitizwa.

Kiwanda cha mkonge au kinu cha mahindi si jukwaa la mafuta, lakini kosa ni lile lile: kazi haijaisha, aliyeianza ameondoka, na aliyeingia hajui. Kwa hiyo kila zamu inapobadilishana, msimamizi anayetoka na anayeingia wasimame pamoja mbele ya kadi zilizo wazi na kuzisoma moja baada ya nyingine. Kadi zote za mashine moja zikae pamoja. Dakika kumi zinatosha.

Kazi za kupangwa kabla ya kuharibika

Kiwanda kinachoandika kadi wakati mashine imekufa tu kitakuwa mbioni daima. Kadi nyingi zinafaa ziwe za kazi zilizopangwa. Kila asubuhi mwendeshaji asafishe, asikilize na aangalie mafuta. Kila wiki mikanda, bolti na vikinga vikaguliwe. Kazi nyingine zifuate saa ambazo mashine imefanya kazi, kama kitabu cha mtengenezaji kinavyoelekeza.

Singa na vumbi la mkonge hujisokota kwenye shafti na kurundikana kwenye mota, zikizuia hewa na kuwa rahisi kushika moto. Kufagia hapo ni matengenezo, si usafi wa kupendeza macho. Grisi nayo iwe ya kipimo. Ikipungua beringi huungua, na ikizidi vilevile hupata joto na kusukuma vizibo nje.

Kwa biashara ndogo

Huhitaji kompyuta. Mwenye posho mili anaweza kuanza na kaunta buku moja na misumari mitatu ukutani iliyoandikwa: ZINASUBIRI, ZINAENDELEA, ZIMEFUNGWA. Kila Ijumaa atumie nusu saa kujiuliza: kadi zipi zimekaa zaidi ya siku saba, na kwa nini? Mashine gani imerudi mara mbili kwa ugonjwa ule ule? Spea gani ilituchelewesha?

Tuseme mkanda wa kinu umekatika mara tatu katika miezi miwili. Kwa kumbukumbu ya kichwani, kila mkanda ni bahati mbaya. Kwa kadi tatu zilizowekwa pamoja, mwenye kinu anaona huenda magurudumu ya mkanda hayajalingana, na kwamba kuyanyoosha mara moja ni nafuu kuliko kununua mkanda wa nne na kuwarudisha wateja nyumbani na mahindi yao.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe mashine na mahali pa kazi ni salama na zinatunzwa. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi panapaswa kuwa na kamati ya usalama na afya. Kadi zilizo wazi kwa muda mrefu zinafaa kuwa ajenda ya kwanza ya kamati hiyo.

Mfanyakazi anayeona hatari kubwa anapaswa kumwarifu msimamizi wake wa karibu, na mwajiri haruhusiwi kumtaka arudi mahali penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Kadi ya kazi inamlinda hapa, kwa sababu inaonyesha alisema nini na saa ngapi. Ni vyema abaki na nakala au nambari yake.

Ajali za kazini sharti ziarifiwe ofisa wa usalama na afya kazini wa eneo. Ajali iliyosababisha kifo iarifiwe ndani ya saa 24, na taarifa ya maandishi ifuate ndani ya siku saba. Ukaguzi wa sheria hii ni kazi ya serikali ya kitaifa kupitia Wizara ya Leba, huku vyuo vya ufundi vya vijijini vikiwa chini ya kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Kijana anayejifunza umeme au uchomeleaji katika vyuo hivyo akizoea kujaza kadi tangu siku ya kwanza, ataingia kazini akiwa na ulinzi wake mkononi.

Jipime

1. Hitilafu ya mwisho uliyoiona kazini iliandikwa wapi, na ina jina la nani?
2. Ukizima mashine leo ili uitengeneze, nani anaweza kuiwasha bila wewe kujua?
3. Zamu inayoingia jioni itajuaje kazi ambayo haijakwisha?

Kama swali lolote kati ya hayo halina jibu, anza kesho asubuhi na daftari, kalamu na kufuli moja.