SOMO: Mama Mja Mzito, Kazi na Mazoezi

Someni somo hili kwa sauti kikundini, kisha mjadiliane.

Ukisema mama mja mzito afanye mazoezi, wengi hucheka: "Mazoezi gani tena, na kutwa yuko na jembe na mtungi?" Ni kweli, mama huyo hakai bure. Lakini mazoezi na kazi nzito si kitu kimoja. Mazoezi huupa mwili nguvu. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20, nao huuchosha mwili ambao tayari umebeba mtoto.

Mimba si ugonjwa. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri mama mja mzito asiye na tatizo apate angalau dakika 150 za mazoezi ya kiasi kwa wiki. Hiyo ni nusu saa kwa siku, siku tano. Kutembea bila mzigo kunatosha.

Afanye hivi:

1. Kwanza amuulize muuguzi kliniki, hasa akiwa na presha, upungufu wa damu au mapacha.
2. Atembee asubuhi au jioni, jua letu la pwani likiwa limepoa. Anywe maji.
3. Aweze kuzungumza huku akitembea. Pumzi ikikatika, apunguze mwendo.
4. Baada ya miezi mitatu ya kwanza, asifanye mazoezi akiwa amelala chali. Asikwee miti, asije akaanguka.

Aache mara moja na apelekwe hospitali akiona: damu au maji yanatoka ukeni, maumivu ya tumbo au kifua, kizunguzungu, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, au mtoto kupunguza kucheza tumboni. Msingoje kesho. Nendeni kituo kilicho karibu, au Hospitali ya Rufaa ya Msambweni.

Sasa sisi wengine. Waswahili husema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tunamwona mama anapita na mtungi kichwani, tunamwamkia, basi. Akina baba, baiskeli iliyoegemezwa ukutani yaweza kuleta maji hayo.

Maswali ya kujadiliana:

- Katika kikundi chetu, nani ni mja mzito sasa? Nani anamtekea maji?
- Siku ya shamba la kikundi, tumpe kazi gani nyepesi, bila kumkata fungu lake?
- Akizidiwa usiku, nani atampeleka hospitali, na nauli itatoka wapi?

Msifunge mkutano kabla ya kuandika majibu kwenye kitabu cha kikundi.