Marudio ya Dhahabu na Sumu Zinazobaki Ndani Yake

Kila mchakato wa kutenganisha kemikali huacha mikondo miwili: ule uliobeba kitu kinachotafutwa, na ule ulioondolewa kitu hicho. Mkondo wa pili huitwa mabaki, na kwa mazoea hudhaniwa kuwa umekwisha kazi. Katika uchenjuaji mdogo wa dhahabu huko Geita, Kahama na Chunya dhana hiyo haina ukweli, na wachimbaji wenyewe wanalijua hilo. Ndiyo maana mchanga uliokwisha kuoshwa huuita marudio, yaani mali ya kurudiwa. (Yasichanganywe na magwangala, ambayo ni mawe taka yasiyopita kwenye karasha.)

Mawe husagwa kwenye karasha, unga wake ukaoshwa kwa maji juu ya ubao uliotandikwa magunia, kisha mchanga mzito ulionaswa huchanganywa na zebaki katika karai. Zebaki huikamata dhahabu, na donge linalopatikana huchomwa mpaka zebaki ipae kama mvuke. Kwa njia hii mchimbaji hupata, mara nyingi, chini ya nusu ya dhahabu iliyomo. Iliyosalia hubaki katika marudio pamoja na chembe za zebaki zilizoponyoka. Marudio hayo huuzwa kwa mwenye matenki, naye huyaloweka katika maji yenye sayanaidi ili aivute dhahabu iliyobaki na kuinasa kwenye kaboni.

Hapo ndipo tatizo hubadilika sura. Zebaki ya metali ni nzito, haiyeyuki majini kwa urahisi, na kwa sehemu kubwa hutulia pale ilipoangukia. Sayanaidi huiyeyusha kama inavyoiyeyusha dhahabu. Sehemu yake hunaswa na kaboni na huweza kugeuka mvuke kaboni au dhahabu inapopashwa moto. Sehemu nyingine hutoka na maji ya tope, ikiwa sasa na uwezo wa kusafiri hadi mtoni na ziwani. Katika matope yenye oksijeni kidogo, bakteria huweza kuigeuza zebaki kuwa methili-zebaki, sumu inayojilimbikiza katika samaki, na zaidi katika wale walao samaki wenzao. Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2020, unataka nchi zichukue hatua za kukomesha uloweshaji wa marudio kwa sayanaidi kabla zebaki haijaondolewa. Uchomaji wa wazi nao umo katika orodha hiyo hiyo, lakini ndio unaozungumzwa zaidi, labda kwa sababu moshi huonekana.

Kwa tabibu, umbo la zebaki ndilo linaloamua kipimo. Mvuke ukivutwa, takriban asilimia 80 huingia mwilini kupitia mapafu, ilhali zebaki ya maji ikimezwa, kiasi kinachofyonzwa na utumbo ni kidogo mno. Mchomaji wa donge huja na mikono inayotetemeka, fizi zilizovimba, usingizi uliopotea na hasira zisizo na sababu. Figo zake pia zichunguzwe. Huyu hupimwa mkojo, na majibu yasomwe kwa kulinganishwa na kreatinini. Mla samaki aliyeathiriwa na methili-zebaki hupimwa damu au nywele, kwa kuwa mkojo wake waweza kuonekana safi kabisa. Kipimo kisichofaa humrudisha mgonjwa nyumbani na cheti cha afya njema. Mjamzito apewe uzito wa pekee, kwani methili-zebaki huvuka kondo la nyuma na kuuathiri ubongo wa mtoto.

Haifai, hata hivyo, kuwatisha watu waache samaki. Vipimo vingi vilivyochapishwa vya samaki wa Ziwa Viktoria vilionyesha zebaki chini ya miligramu 0.5 kwa kilo. Sangara wakubwa ndio hubeba zaidi. Dagaa na samaki wadogo ni chaguo bora kwa mjamzito.

Mfanyakazi wa matenki ana hatari nyingine, ya dakika chache. Chokaa hutiwa ili pH ya maji ibaki juu ya 10. Ikishuka, sayanaidi hutoka kama gesi. Si kila mtu awezaye kunusa harufu yake ya lozi chungu. Gesi huzizuia seli kutumia oksijeni iliyomo katika damu, hivyo mtu huanguka ghafla akiwa na degedege, na kipimo cha oksijeni cha kidoleni chaweza kusoma vizuri. Anayemwokoa asiingie bila kinga ya kupumulia wala asimpulizie pumzi mdomo kwa mdomo. Mgonjwa atolewe penye hewa, avuliwe nguo zilizolowa, aoshwe ngozi na kupewa oksijeni ya kiwango cha juu. Dawa za kuiondoa sumu hiyo ni haidroksokobalamini au sodiamu thaiosalfeti kwa mshipa. Kituo kilicho jirani na matenki kijue mapema dawa hizo zinahifadhiwa wapi.

Mgonjwa atokaye machimboni aulizwe basi maswali zaidi ya lile la kazi: je, marudio yamerundikwa umbali gani na nyumba yake, watoto huchezea wapi, na maji ya matenki hutiririkia upande gani mvua inaponyesha.