Mzoga wa Porini na Zizi Lako
Mkulima wa Kitui au Makueni, jirani yako ni Tsavo. Mwaka 1994 sotoka iliua nyati na tandala wengi huko. Madaktari waliofundishwa kupima mizoga ya porini ndio waliotambua ugonjwa. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani.

Lakini kimeta kingalipo. Basi ukikuta mzoga wa mnyama wa porini, fanya hivi:

1. Usiupasue wala usile nyama yake. Damu ya kimeta ikipata hewa, vijidudu hujifunika ganda na kuishi udongoni miaka mingi.
2. Zuia ng'ombe, mbuzi na mbwa wasiukaribie.
3. Mpashe habari daktari wa mifugo upesi. Yeye ndiye ajuaye kama utapasuliwa, au itatosha kuchukua damu kidogo.