Somo la Lithiamu Iliyomo Mwambani

Mara nyingi tunapofundisha habari za madini, watoto hukariri majina ya hatua wasijue sababu zake. Mtoto wa namna hiyo aweza kufaulu mtihani, lakini siku mgodi utakapofunguliwa karibu na kijiji chake hatakuwa na swali la maana la kuuliza. Hapa twapendekeza namna ya kulifundisha Darasa la Sita somo la lithiamu, madini ya betri za simu, kwa kutumia vitu vya jikoni.

Mfano wetu ni Greenbushes, Australia ya Magharibi, ambako bati lilianza kuchimbwa mwaka 1888 na lithiamu mwaka 1983. Miamba yenye lithiamu ipo pia Manono, nchini Kongo. Lithiamu hiyo imo katika jiwe liitwalo spodumeni.

Kwanza, kutenganisha. Mwamba hulipuliwa kwa baruti, kisha hupondwa. Spodumeni ni nzito kuliko sehemu kubwa ya mawe iliyochanganyika nayo. Katika majimaji mazito yaliyotayarishwa, yenyewe huzama na mawe hayo huelea. Mwalimu atie yai bichi na kokoto katika maji matupu: vyote vitazama. Aongeze chumvi na kukoroga mpaka yai lielee. Wanafunzi waeleze sababu kabla ya kuambiwa.

Pili, kuchoma. Asidi haiipenyi kwa urahisi spodumeni mbichi. Kwa hiyo huchomwa tanurini kwa joto lipatalo nyuzi 1,000 za sentigredi au zaidi, nayo hupanuka na kulegea. Mwalimu akaange bisi, watoto waone punje ngumu ikifumuka. Lakini awaeleze kuwa bisi hupasuliwa na mvuke, ilhali katika jiwe ni mpangilio wa chembe unaobadilika.

Tatu, kutoa lithiamu. Jiwe lililochomwa huchanganywa na asidi ya salfa, kisha lithiamu huyeyushwa majini. Ikitiwa kabonati ya sodiamu, jamaa ya magadi, hupatikana unga mweupe wa kabonati ya lithiamu. Hatua hii ifundishwe kwa mchoro tu. Asidi isiletwe darasani.

Mwisho, hesabu. Tani 100 za mbale yenye oksidi ya lithiamu asilimia 1.5, zikichambuliwa hata kufikia asilimia 6 pasipo kupoteza chochote, hutoa tani 25. Tani 75 ni mabaki. Wanafunzi waulizwe: mabaki hayo yawekwe wapi, na mvua ikinyesha yataelekea wapi?