Athari za Mbinu za Uchapaji kwa Usomekaji wa Jina la Leso

Utangulizi

Leso, au kanga, ni vazi na papo hapo ni matini. Ina pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani usemi unaochapwa juu ya pindo la chini. Uchambuzi wa kifasihi kwa kawaida huanzia kwenye maana ya jina hilo. Makala haya yanaangazia jambo linalotangulia maana: namna herufi zinavyofika kwenye pamba, na hali zinamofikia.

Kutoka kibao hadi fremu

Mbinu kongwe ni ya kibao cha mbao kilichochongwa, kikachovywa rangi na kugandamizwa kwa mkono. Kibao hufaa maua na madoadoa. Herufi ndogo huvimba na kupotea. Mwaka wa 1783 Thomas Bell wa Uskoti alipata hataza ya kuchapa kwa silinda za shaba zilizonakshiwa. Silinda hizo hutoa mistari myembamba sana, ila hurudia ruwaza kila zinapozunguka. Leso hairudiwi hivyo: mji wake una mahali pamoja, na jina vilevile.

Hata silinda za wavu, zilizotolewa na kampuni ya Stork ya Uholanzi mwaka wa 1963, zina kikwazo hicho. Silinda ya kawaida yenye mzingo wa sentimita 64 haiwezi kubeba leso nzima yenye urefu wa takriban sentimita 150. Huhitajika silinda kubwa zaidi, au fremu bapa yenye wavu, ambayo rangi husukumwa kupitia matundu yake.

Wavu na herufi za Kiswahili

Hapa ndipo mwanafunzi wa lugha anapopaswa kutua. Matundu ya wavu yamepangwa kwa mraba. Mstari wima au mlalo unaweza kufuata mpangilio huo. Mstari wa mshazari huukatiza, na wavu ukiwa mpana, kingo zake huwa na meno kama msumeno. Sasa jina la leso aghalabu huandikwa kwa herufi kubwa, na Kiswahili kimejaa A, K, M na W. Lugha yenyewe, kwa hiyo, inaulemea wavu.

Aidha, uji wa rangi una uzito wake. Ukiwa mwepesi kupita kiasi, hutambaa kwenye nyuzi na kuziba matundu ya herufi. B na D zikizibwa hufanana, na DAWA ikasomeka BAWA. Herufi nyeusi juu ya nyeupe hunenepa tu, lakini herufi nyeupe zilizoachwa ndani ya rangi nzito humezwa kutoka pande zote. Mbinu ya nta, ambayo mipasuko yake hupendwa kwenye kitenge, ingeyadhuru zaidi maandishi.

Kudumu kwa rangi nako ni suala la mbinu. Rangi inayoungana na nyuzi za pamba kikemikali, ikakazwa kwa mvuke kisha ikasafishwa, hustahimili kufuliwa. Ile inayoshikizwa juu ya kitambaa kwa gundi huchakaa kwa msuguano, hasa isipokazwa vyema kwa joto. Printa za kidijitali hazihitaji fremu na huchora mshazari vizuri. Hata hivyo, wino wake mara nyingi hubaki upande wa juu, na nyuma ya kitambaa hupauka.

Doti kama ushahidi

Mkusanyaji wa majina anayenakili kutoka leso iliyofuliwa miaka mingi anaweza kuhifadhi kosa la mchapaji akidhani ni lahaja, au, vibaya zaidi, akasahihisha lahaja akidhani ni kosa. Bahati nzuri leso huuzwa kwa doti, vipande viwili vyenye jina moja. Kila rangi huwa na fremu yake, na kitambaa kikisogea kidogo baina ya fremu, rangi hukosana mahali. Mkosano huo unaweza kutofautiana kutoka kipande hadi kipande. Wavu uliozibwa, kwa upande mwingine, huacha alama ileile kila unaposhushwa, na tahajia iliyowekwa na mchoraji hujirudia vivyo hivyo. Basi vipande vyote viwili vitandazwe pamoja kabla ya kunakili, herufi kwa herufi: doa lililo kwenye kimoja tu ni ajali ya mezani, na lililo kwenye vyote viwili lichunguzwe kwenye doti nyingine ya jina hilohilo, iliyochapwa kwa fremu tofauti.