SOMO LA KIKUNDI: MWACHE MTOTO ASHIKE CHAKULA CHAKE

Somo letu safari hii ni la jikoni. Linahusu mtoto aliyefika miezi sita, na mkono wake.

Nianze na jambo nililoliona. Katika kutembelea nyumba huku kwetu Laiser Hill, nilimkuta mama kijana amemlaza mtoto wa miezi saba mapajani, amembana pua, anammiminia uji. Mtoto akifungua mdomo kulia, uji unaingia. Mama huyu hakuwa mkatili. Alikuwa anachelewa kazini, na nyanya wa mtoto alimwambia hivyo ndivyo watoto wote hulishwa. Akaniambia, "Huyu akiona kikombe tu, analia."

Nikamwuliza, "Umewahi kumpa ashike mwenyewe?" Akacheka. "Atashikaje na hana meno?"

Tukamketisha mtoto wima, tukampa kipande cha kiazi kitamu kilichobaki. Alikiponda, kingine kikaenda kwenye nywele, kingine mdomoni. Alikula kidogo sana, lakini hakulia. Somo letu linaanzia hapo.

Kwa nini miezi sita?

Mpaka miezi sita maziwa ya mama peke yake yanatosha. Hata maji hayahitajiki. Baada ya hapo akiba ya madini ya chuma ambayo mtoto alizaliwa nayo inakwisha, kwa hiyo anahitaji chakula. Kunyonya kuendelee hadi miaka miwili au zaidi.

Hili si jambo dogo. Uchunguzi wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Kenya walio chini ya miaka mitano, 18 wamedumaa. Wengi huanza kurudi nyuma wakati huu wa kuanzishwa chakula.

Utajuaje kwamba yuko tayari? Shingo imekaza, anaketi akisaidiwa kidogo, na akiona chakula ananyoosha mkono. Meno si lazima. Ufizi unaweza kuponda kitu laini.

Je, haya ni mambo ya wazungu?

Huko Uingereza, muuguzi Gill Rapley alitoa kitabu mwaka 2008 akieleza njia ya mtoto kujilisha tangu mwanzo. Baadaye watafiti wa New Zealand walifuata familia zaidi ya 200. Wazazi waliofundishwa vizuri jinsi ya kuandaa chakula, watoto wao hawakusakamwa kuliko wale wa kijiko. Lakini hata sisi, nani hajaona mtoto ameketi karibu na mama akimega ugali kwenye sahani yake? Kilicho kipya ni kufanya hivyo kwa mpango na kwa usalama.

Tumpe nini?

Kata vipande virefu kama kidole cha mtu mzima, ili sehemu ibaki nje ya ngumi yake. Kijaribu kwanza: kikipondeka kati ya vidole vyako viwili, ni laini ya kutosha.

- Kiazi kitamu, malenge au karoti iliyopikwa mpaka ikalainika. Ndizi mbivu, avokado.
- Ugali laini uliofinyangwa pamoja na maharagwe au ndengu zilizopondwa.
- Kila siku, ikiwezekana, kitu cha mnyama: yai lililoiva, maini, nyama ya kusaga, au omena zilizosagwa. Hivi ndivyo vyenye chuma kizuri. Ukame wa 2020 hadi 2023 uliua mifugo mingi hapa Kajiado, lakini kuku wawili watatu boma linaweza kuwafuga.

Chai usimpe, hata ya maziwa. Inazuia chuma kuingia mwilini na inajaza tumbo bure. Asali asionje kabla ya mwaka mmoja. Sukari na chumvi usitie.

Kijiko tusikitupe

Hapa nisikilizeni vizuri. Mtoto wa miezi sita akijilisha peke yake anaweza kushinda njaa, maana kingi kinaanguka chini. Kwa hiyo tuchanganye: mkono wake na kijiko chako. Uji uwe mzito, usiotiririka kwenye kijiko, utiwe maziwa, njugu zilizosagwa laini kabisa au mafuta kidogo. Anza na vijiko viwili au vitatu kwa mlo, uongeze polepole hadi nusu kikombe. Miezi 6 hadi 8, milo miwili au mitatu kwa siku. Kuanzia miezi 9, mitatu au minne. Akifungua mdomo, mpe. Akigeuza kichwa, ameshiba, usimlazimishe. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati au asiyeongeza uzito, onaneni na kliniki kwanza.

Asisakamwe

Aketi wima, na mtu mzima awe mbele yake muda wote. Ukimwachia dada wa nyumbani au jirani, mfundishe haya pia. Usimpe njugu nzima, popkoni, karoti mbichi, peremende, wala kipande kigumu cha nyama.

Akikohoa na kutoa sauti, mwache; anajisaidia. Akinyamaza, hapumui, midomo inageuka rangi, amesakamwa. Kwa mtoto wa chini ya mwaka: mlaze kifudifudi kwenye mkono wako, kichwa chini, umpige mgongoni mara tano kati ya mabega. Isipotoka, mgeuze, umbonyeze kifuani kwa vidole viwili mara tano. Rudia huku mwingine akitafuta msaada. Usichokonoe koo kwa kidole usipokiona kitu.

Na mikono ioshwe, yako na yake, kwa sabuni. Maji ni ghali Kitengela, najua, lakini mkebe uliotobolewa tundu dogo hutumia kidogo tu.

Ya kujadiliana

1. Nani kati yetu alilishwa au alilisha kwa nguvu? Ilikuwaje?
2. Jana jikoni kwako kulikuwa na chakula gani ambacho mtoto angeweza kushika?
3. Nani anabaki na mtoto ukienda kazini au sokoni? Atafundishwa na nani?

Kazi ya kikundi: Mkutano ujao kila mmoja alete kipande kimoja cha chakula, tukijaribu pamoja kwa vidole. Mwalikeni mhudumu wa afya ya jamii aje na utepe wa kupima mkono wa mtoto, na msiwasahau akina baba na akina koko, maana wao pia hulisha.

Yule mama nilimrudia baada ya wiki tatu. Mtoto alikuwa ameketi, kipande cha ugali mkononi, akijaribu kumlisha mamake.